Ushauri: mota ya umeme kwa boti ya futi 14, nichukue pauni ngapi?

Mvuvi wa Sahare

Wakuu, habari za mihangaiko.

Niko Tanga, nina boti ya faiba ya futi 14, naegesha Sahare. Mashine ni ya petroli, hospawa 9.9, stroku mbili. Sina maisha ya bahari tupu, nina duka la vifaa vya ujenzi, ila Ijumaa jioni mpaka Jumapili usinitafute nchi kavu. Navua kwa mshipi wa mkono na saa nyingine nakokota chambo kando ya miamba, changu, chewa, kolekole akijaliwa.

Tatizo langu ni mwendo wa taratibu. Nikifika kwenye mwamba nataka boti itambae tu, au isimame pale pale. Mashine nikiishusha mpaka chini kabisa inatoa moshi, plagi zinalowa mafuta, na baada ya saa moja navuta kamba ya kuwashia mpaka bega linauma. Nikizima na kushusha nanga, inanasa kwenye matumbawe. Mwaka huu pekee nimekata kamba mara tatu, nanga tatu ziko chini huko.

Shemeji yangu anarudi kutoka Dubai mwezi ujao. Kanitumia picha za hizi mota ndogo za umeme zenye mguu mrefu na mkono wa usukani, za pauni 30, 55 na 86. Muuzaji kamwambia chukua 86, "hiyo inakimbia". Naomba mnisaidie mambo matatu: pauni ngapi zinatosha, betri gani, na je, maji ya chumvi hayataila baada ya miezi miwili?

Naomba kuwasilisha.

Kasia Moja

Nunua kafi mbili na tafuta kijana mwenye mikono. Umemaliza.

Fundi Waya

Mkuu, msikilize huyo hapo juu baadaye, leo tuongee umeme.

Pauni za mota hizi si uzito wake na wala si hospawa. Ni nguvu ya kusukuma. Funga boti kwenye nguzo, washa mota mpaka mwisho, kamba itavutwa kwa nguvu hiyo. Pauni 55 ni kama kilo 25. Kanuni inayotumika ni pauni 2 za msukumo kwa kila pauni 100 za chombo kikiwa kimepakiwa, kwa hiyo ni asilimia 2 ya uzito wote. Ya kwako: boti kilo 180, mashine 40, petroli weka 20, watu watatu 210, nanga na barafu na makorokoro 60. Jumla 510. Asilimia 2 ni kilo 10 na kidogo, sawa na pauni 22 au 23. Hayo ni mahitaji ya bwawa lililotulia. Baharini zidisha mara mbili, unaangukia 45, na ukienda dukani saizi inayofuata unayoikuta kirahisi ni 55.

Hilo la "inakimbia" mwambie muuzaji akakimbie yeye. Mota ya pauni 55 ikiwa imefunguliwa yote inakula amp 50 hivi kwa volti 12, yaani wati 600. Hospawa 9.9 ni zaidi ya wati 7,000. Rafadha (panga linalozunguka majini) ya mota hizi imekatwa kusukuma polepole, ukipata kilomita 5 au 6 kwa saa shukuru. Ukiweka 86 huongezi mwendo kwa kiasi unachodhani, unaongeza ubishi dhidi ya upepo. Halafu nyingi za pauni 80 kwenda juu zinataka volti 24, kwa hiyo betri mbili. Boti yako ya futi 14 utaweka wapi betri mbili na watu watatu?

Kuhusu betri, usithubutu kuchukua N70 ya gari. Ile imetengenezwa kupiga stata, itoe moto mwingi kwa sekunde chache ijazwe tena. Ukiinyonya mpaka chini kila wikendi, haimalizi msimu. Ukitaka ya risasi chukua ile ya sola ya amp 100 (kwa betri ni amp-saa, yaani ujazo wake), ila jua unatumia nusu yake tu kama unataka idumu, na ukiifungulia amp 50 haikupi hata hizo saa za kwenye karatasi. Mwendo wa mwisho itakupa dakika 45, labda saa moja. Kwa mwendo mdogo, amp 12 au 15, unapata saa tatu na ushee. Uzito kilo 28 au 30. Lithiamu ya amp 100 ina kilo 11 hadi 13, unatumia asilimia 80 au 90 yake bila kuiumiza, ila bei yake inaweza kuzidi mota yenyewe.

Ukichukua lithiamu uliza saketi yake ya ulinzi inaruhusu amp ngapi. Zipo za bei chee zinazokata kwenye amp 50. Hiyo mota yako ukiifungulia yote betri inazima ghafla katikati ya mkondo, na utadhani mota imeungua.

Waya nitarudi jioni, niko kwenye nguzo ya mtu.

Binti Pwani

Kabla hujamtuma shemeji: mota anaweza kuja nayo kwenye begi, betri asahau. Abiria haruhusiwi kupanda ndege na betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na hiyo ya amp 100 ina 1,280. Itaishia uwanja wa ndege na yeye atabaki anajieleza. Betri nunua hapa nchini au ije kwa meli.

Mvuvi wa Sahare

Binti Pwani ubarikiwe, alikuwa ameshalipia arubuni. Nampigia sasa hivi.

Sangara Mwanza

Huku ziwani ninayo ya pauni 55, mwaka wa pili. Maji baridi hayana shida na chuma, ila mimi niliua ya kwanza kwa ujinga mdogo sana. Mshipi ulijizungusha nyuma ya rafadha, nikaukata ule unaoonekana nikaendelea. Kumbe kuna uzi ulibaki umejificha kati ya rafadha na kichwa cha mota, ukawa unasaga sili, ule mpira unaozuia maji kuingia, taratibu. Siku naifungua maji yalitoka rangi ya chai. Tangu hapo kila nikirudi nafungua nati, natoa rafadha, nafuta, narudisha. Dakika tatu.

Na pini. Rafadha inashikwa na pini nyembamba iliyowekwa makusudi ivunjike ukigonga jiwe, ili mhimili upone. Nunua pini sita kabisa, na spana yake ikae botini.

Chumvi Nyingi

Swali la chumvi nalijibu mimi, maana limenigharimu. Mota za maji baridi na za maji ya chumvi kwa nje zinafanana kama mapacha. Za chumvi mara nyingi hupakwa nyeupe, zina rangi nene zaidi, chuma kisichoshika kutu, na kipande cha zinki karibu na rafadha. Kazi ya zinki ni kuliwa badala ya mota. Ikibaki nusu unabadilisha. Mimi niliuziwa nyeusi, nikaambiwa "zote sawa tu boss". Mwezi wa nne skrubu za kichwa zilikuwa zinavunjika kama biskuti.

Hata hiyo nyeupe usiiache ndani ya maji usiku. Inyanyue, imwagie maji ya bomba au hata ndoo moja ya kisima, na vichwa vya waya vipake grisi.

Nahodha Mstaafu

Wanangu mmeongea vizuri lakini hakuna aliyeuliza maji. Tanga bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, inapanda na kushuka mita 3 na zaidi. Maji yale yote yanaingia na kutoka kwa saa sita, na pale yanapobanwa kati ya mwamba na mwamba hayatembei, yanakimbia. Siku hizo kimota cha kilomita 5 kwa saa utakifungua mpaka mwisho na bado utaona mkoko ule ule ubavuni. Maji mafu, siku yanapopanda na kushuka kidogo tu, ni habari nyingine kabisa.

Usinunue kwa kanuni ya karatasi. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki. Pakia boti kama unavyopakia siku zote, nyanyua mguu wa mashine, nenda pale hasa unapovulia. Funga kamba kwenye boya au mti, mizani katikati, kamba nyingine kwenye omo, mbele ya boti. Tulia, soma. Kilo utakazoona ndizo mota inatakiwa kuzishinda ili boti isimame. Pima siku ya maji mafu, pima na bamvua.

Mvuvi wa Sahare

Shikamoo nahodha. Hii sijawahi kuisikia popote. Nitapima.

Fundi Waya

Nahodha kanifunga goli, nakubali.

Waya sasa. Mdau mmoja aliniita nimtazamie mota "dhaifu". Betri ilikuwa tezi (nyuma ya boti), mota kaifunga omo, katikati mita 5 za waya wa milimita 6 za mraba, ule wa jiko la umeme. Niligusa waya nikatoa mkono. Plastiki ilikuwa imelainika kama pipi na pale ilipopita kwenye tundu la faiba ilishaacha alama ya kahawia. Amp 50 kwenda na kurudi mita 10 kwenye waya ule, unapoteza volti 1.5 njiani kati ya 12. Tulipoweka wa milimita 16 tukapoteza nusu volti tu, na mota "ikapona". Weka fyuzi au breka ya amp 60 karibu na betri, siyo karibu na mota. Waya ukichubuka katikati unataka kinachokata kiwe upande wa betri, umeme unakotoka.

Na kati ya mota yenye gia tano za kuhesabu na ile ya kuongeza mwendo kidogo kidogo kama redio, lipa zaidi uchukue ya pili. Ile ya gia tano kwenye mwendo mdogo inapoteza umeme kwa kutoa joto, na wewe mwendo mdogo ndio unaoutaka.

Binti Pwani

Na urefu wa mguu jamani. Pima toka inapokaa mota mpaka kwenye maji, boti ikiwa imepakiwa, ongeza sentimita 30 chini ya maji. Ukiifunga omo ongeza tena, mawimbi yanainyanyua rafadha inapiga hewa. Tezi ni rahisi kufunga, lakini omo inavuta, na boti inayovutwa haiyumbi na upepo kama inayosukumwa.

Mvuvi wa Sahare

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Nimepima mara tatu.

Maji mafu, asubuhi, upepo wa kupuliza kibiriti tu: kilo 2. Mwanangu alicheka akasema mizani imekufa, nikaning'iniza dumu la lita 5 ikasoma sawa.

Bamvua, maji yanatoka, bila upepo: kilo 7, sindano ikigusa 8.

Bamvua, mchana, upepo wa kusi umeshika: ilitembea kati ya 10 na 12, na boti ilikuwa inayumba kama punda anayekataa kamba.

Kwa hiyo 55 ni kilo 25, si inatosha hata siku mbaya?

Fundi Waya

Kwenye karatasi ndiyo. Lakini zile kilo 25 hupimwa maji yakiwa yamesimama. Maji yakija kwa kasi rafadha inakosa cha kushika, msukumo unashuka sana. Mkondo ukikaribia mwendo wa mwisho wa mota, unabakia na kidogo mno. Siku ya kilo 2 utakaa nusu siku kwa amp 10 au chini. Siku ya kilo 7 itasimama ila betri utaiona ikishuka. Siku ya kilo 12 usijaribu, washa petroli urudi.

Nahodha Mstaafu

Kilo 12 hata mimi sikuwa natoka.

Mvuvi wa Sahare

Basi nimeamua. Shemeji analeta 55 nyeupe, ya kuongeza mwendo kidogo kidogo, mguu mrefu, pini sita na zinki mbili. Itakaa omo. Betri ya lithiamu ya amp 100 nimepata Dar, saketi inaruhusu amp 100, na chaja yake yenyewe maana muuzaji wa hapa mjini alitaka kunipa ya betri za risasi. Waya wa 16 nimetoa dukani kwangu, huo ndio msaada pekee duka limetoa kwenye hadithi hii. Mashine ya petroli inabaki tezi. Siku za maji mafu natumia mota, bamvua nauza saruji.

Kasia Moja

Na kafi?

Mvuvi wa Sahare

Ziko mbili chini ya ubao wa mbele, nimezifunga kwa kipande cha kamba kilichobaki kwenye ile nanga ya tatu.