Kisigino kiliingia kwa spoku za boda, sasa tunaambiwa flapu. Sural hapa Kisumu ama twende Eldoret?

OmeraWaAhero
Wadau habari za jioni. Naulizia kuhusu ndugu yangu mdogo, ana miaka 23, ni kibarua kwa mashamba ya mpunga huku Ahero. Alikuwa amebebwa na boda, mguu ukateleza ukaingia kwa spoku za gurudumu la nyuma. Eksirei inaonyesha ufa mdogo tu kwa mfupa lakini ngozi ya nyuma ya kisigino yote ilitoka na ile kano kubwa iko nje, unaiona nyeupe kabisa. Wamemwingiza thieta wakasafisha wakatoa nyama iliyokufa, sasa kidonda ni kisafi ila hakifungi. Mimi nilidhani watatoa ngozi pajani wabandike kama walivyomfanyia jirani yetu aliyeungua na uji, daktari akasema hapo haitashika, lazima flapu, yaani kipande cha ngozi kinachohamishwa na mishipa yake ya damu. Ametupa njia mbili, moja ni sural, wanateremsha ngozi ya nyuma ya mguu kuja kufunika kisigino, hiyo inafanyika hapa Kisumu. Ya pili ni referali Eldoret, wanatoa kipande pajani na mishipa yake wanaunganisha kwa darubini. Mama anataka ya hapa karibu. Mjomba anasema Eldoret kwa sababu ati hiyo ndiyo ya kisasa. Mimi ndio wa kusaini na bado sijui tuulize nini. Kuna aliyepitia?

Sista_wa_wodi
Pole sana kwa mgonjwa. Mimi ni nesi wa wodi ya upasuaji, sio daktari, lakini hili swali la ngozi ya pajani naulizwa kila wiki. Ile ngozi inayobandikwa ni nyembamba na haina mshipa hata mmoja, siku za kwanza inakunywa tu majimaji ya kidonda halafu mishipa midogo inaota kutoka chini kuingia ndani yake. Sasa kama chini ni kano iliyovuliwa utando wake, ama mfupa uliochubuka mpaka ukabaki mtupu, ama chuma, hakuna damu ya kuilisha, itakauka na kubanduka. Flapu ni tofauti, inahama na bomba lake la maji. Kwa hivyo daktari wenu hawasumbui, anasema ukweli.

kondele_original
Msiharakishe kisu. Asali na majani, funga vizuri, bibi yangu alipona kidonda kikubwa kuliko hicho

Sista_wa_wodi
@kondele_original bibi alikuwa na kano nje? Kano ikikaa hewani inakauka, ikikauka inaoza, na hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kusukuma mguu akitembea. Tusicheze na hiyo tafadhali.

FisioNakuru
Mimi ni fisio hapa Nakuru, watu wa sural nawapokea sana baada ya kutoka wodi, na wengi ni hivi hivi, spoku za boda. Nieleze kidogo maana jina linatisha kuliko kazi yenyewe. Wanachora kipande cha ngozi kwa shavu la mguu huko nyuma, wanakiinua pamoja na utando wa chini yake, neva ya sural na ule mshipa mdogo wa vena unaopita hapo, lakini hawakikati chote, kinabaki na shina upande wa chini, kama sentimita 5 juu ya kifundo cha nje. Hapo ndipo kuna vijishipa vinavyotoka kwa ateri ya peronia kuingia kwa ngozi, ndio maana unaweza kukigeuza kikaangalia chini mpaka kisigino na bado damu inaingia. Ateri kubwa za mguu haziguswi na darubini haihitajiki. Ni kazi nzuri sana kwa hospitali zetu.

Lakini ina maneno yake. Damu inaingia vizuri kuliko inavyotoka, kwa hivyo flapu inaweza kuvimba igeuke zambarau na pembeni pafe, hasa kwa mwenye sukari, mvutaji sigara ama mtu ambaye mishipa ya miguu imeziba. Upande wa nje wa mguu utabaki na ganzi kwa sababu ile neva imekatwa. Pale walipotoa, kama ni papana, panabandikwa ngozi ya pajani, kwa hivyo hiyo ya pajani hamtaikwepa. Na lile shina huacha kabonge kanasumbua viatu, wengine hurudi kupunguzwa.

Swali langu, kidonda kiko nyuma tu ama kinashuka mpaka pale anapokanyagia? Ikiwa ni chini ya kisigino kuna nyingine inaitwa medial plantari, inachukua ngozi ya kule ndani ya unyayo kusikogusa chini, ngozi ngumu ileile ya kukanyagia na hisia inabaki. Hiyo ni tamu kwa kisigino lakini kipande chake ni kidogo, haifuniki kidonda kikubwa.

OmeraWaAhero
Asante sana fisio. Ni nyuma tu, hakijafika chini. Walipima sentimita 7 kwa 5. Sukari hana, presha hana, lakini sigara anavuta, na sidhani alimwambia daktari.

FisioNakuru
Amwambie leo. Na aache kabisa, nikotini inabana vile vijishipa vidogo na hapo ndipo flapu inategemea. Na nyinyi msikae naye mkivuta huko nje ya wodi.

MO_mkimya
Niongeze upande wa ile ya Eldoret kwa sababu neno "kisasa" linapoteza watu. Ile ya pajani pengine ni ya pembeni mwa paja, Song na wenzake wa China waliieleza 1984, na kweli ni flapu nzuri, kipande kikubwa, mshipa mrefu, inafunika kidonda ambacho sural haifiki. Wanakata kila kitu, wanaileta kwa mguu, halafu ateri inashonwa kwa ateri na vena kwa vena kwa uzi usiouona vizuri kwa macho. Ni masaa mengi thieta. Baada ya hapo siku ya kwanza inakaguliwa kila saa, rangi, joto, ukibonyeza damu inarudi kwa sekunde ngapi, na vena ikiziba saa nane usiku mgonjwa anarudi thieta usiku huohuo ama flapu imekufa yote. Sural ikigoma mara nyingi ni kipande cha mwisho kinakufa, hii nyingine ikigoma imeenda nzima. Kwa hivyo mahali bila timu ya usiku, usisaini hata kama darubini ni mpya.

Kwa kidonda cha 7 kwa 5 nyuma ya kisigino, kijana asiye na sukari, mimi ningeanza na sural. Ningebadilisha mawazo kama ajali iliharibu pia ngozi ya shavu la mguu ama pale karibu na kifundo cha nje, kwa sababu shina linatoka hapo. Waulize wazi, wamepima vile vijishipa na dopla, ile mashine ya kusikiliza damu ikipita? Wamefanya sural ngapi, na ikigeuka zambarau watafanya nini? Mkiona hilo swali linamkasirisha mtu hiyo nayo ni jibu.

Na msikae sana mkibishana na mjomba. Daktari mpasuaji Godina alionyesha 1986 kwamba majeraha ya miguu yaliyofunikwa ndani ya masaa 72 yalikuwa na flapu chache zilizokufa na maambukizi kidogo kuliko yaliyocheleweshwa. Siku hizi mashine ya kunyonya kidonda inasaidia kununua muda, lakini kano inaendelea kuteseka.

wuon_gero
Kuna hata ile ya kushikanisha miguu miwili, nilifanyiwa zamani kwa sababu mishipa ya mguu mmoja ilikuwa imeharibika yote. Ngozi ya mguu mzima inashonwa kwa ule mbovu unakaa hivyo kama wiki tatu halafu wanatenganisha. Choo ni shida na magoti yalikaza vibaya lakini natembea

MO_mkimya
@wuon_gero ni ya 1854, Hamilton wa Marekani, na bado inaokoa miguu. Asante mzee.

MamaWatatu_Kakamega
Kijana wangu alifanyiwa sural. Daktari wameongea vizuri mimi niongee ya wodi. Asilalie kisigino hata dakika, alale kifudifudi ama ubavu, mguu juu ya mito, na mito ya wodi haitoshi bebeni ya nyumbani. Bandeji ikae legelege hapo shina linapopita, ikibana umeua flapu mwenyewe. Kila mgeni atataka kufunuliwa aone, mimi shemeji yangu nilimfukuza akaenda kunisema kijijini na sijali. Pembeni pakawa peusi nikalia usiku kucha, kumbe ni ukingo tu, ulitolewa pakafungwa dresing mpaka pakapona. Na nenda dawati la SHA, ile bima ya afya ya serikali, uhakikishe ombi la idhini limepita kabla ya tarehe ya thieta, usingoje mgonjwa amefungishwa chakula ndio ukimbizane na karatasi.

OmeraWaAhero
Wadau Mungu awabariki. Nimeongea na daktari leo, swali la dopla hakukasirika, alileta mashine akanisikizisha mlio wa vijishipa pale juu ya kifundo, viko. Amesema shavu la mguu ni zima. Mjomba amesikiza mwenyewe akanyamaza. Tunafanya sural, nimesaini. Sigara daktari amemkatalia ndugu yangu mbele ya mama. La mwisho, huyu mtu kazi yake ni gambuti kwa maji ya mpunga, atarudi lini?

FisioNakuru
Tarehe atapewa na daktari wake. Kwanza ataanza kuteremsha mguu dakika chache kwa siku, flapu ikivimba anarudisha juu, kutembea kwa magongo ni baadaye. Gambuti asahau kwa miezi, ukingo wake unasugua papo hapo na hiyo ngozi mpya haitamwambia inaumia. Aanze na sandali isiyo na mkanda wa nyuma. Akirudi shambani avae soksi nene, na kila jioni aangalie kisigino kwa kioo, akiona wekundu usioisha kufikia asubuhi asivae hiyo gambuti.