Tairi za inchi 35 kwenye Land Cruiser 79: ekseli ya mbele niimarishe wapi?

Swali
Wakuu, gari lina tairi za 7.50R16, nataka kupanda hadi inchi 35 kwa tope la Sikonge na Ugalla masika. Nibadilishe ekseli nzima ya mbele?

Jibu 1
Usibadilishe mkuu, nyumba ya ekseli yenyewe ni ngumu. Kinachokufa kwanza ni CV, yaani jointi inayopeleka nguvu kwenye gurudumu la mbele hata likiwa limekata kona: usukani umekatwa hadi mwisho, tairi limenasa, dereva anakanyaga mafuta. Hapo jointi imejikunja kabisa na nguvu yote inabebwa na gololi chache. Ukisikia ka-ka-ka kwenye kona ukiwa kwenye foowili (magurudumu yote manne yakivuta), imeshaanza. Nunua CV na shafti za kromoli (chuma kigumu cha aloi), ila hesabu kwanza meno ya shafti ya zamani. Ukifunga loka (kifaa kinacholazimisha magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja) bila kromoli, utazivunja mapema.

Jibu 2
Naongeza beringi za kingpini, yaani egemeo ambalo gurudumu la mbele hugeukia. Inua gurudumu kwa jeki, shika juu na chini, tingisha huku mwenzako akikanyaga breki. Mtikisiko ukiisha, ni beringi ya hab (kitovu cha gurudumu). Ukibaki, ni kingpini. Na grisi ya CV ikiwa uji mwepesi, sili ya ndani imekwisha, mafuta ya difu yanapenya.

Jibu 3
Msisahau difu. 7.50R16 ni kama inchi 32, hivyo kama uwiano wa gia za difu lako ni 4.10, basi 4.10 × 35 ÷ 32 ni karibu 4.5. Chukua 4.56. Ile 4.88 inavuta vizuri zaidi, lakini pinioni yake (gia ndogo inayozungusha gia kubwa ya difu) ni ndogo, dhaifu zaidi. Mbele na nyuma lazima zilingane, la sivyo foowili itapasua gia.

Muuliza swali
Asanteni sana. Naanza na kingpini na sili, kisha CV.