Kaka yangu wa miaka 34 ametolewa bonge la damu ubongoni: tutarajie nini?

Mwanzisha uzi
Habari zenu, wanajukwaa. Kaka yangu alipatwa na kiharusi, na madaktari wakaliondoa bonge la damu kwa kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye mshipa wa kinena hadi ubongoni. Sasa anatembea mwenyewe, na daktari amemweka daraja la 2 katika kipimo cha Rankin, kinachopima ulemavu baada ya kiharusi, akisema ni matokeo mazuri. Hata hivyo, neno humpotea katikati ya sentensi, akisoma ukurasa mmoja huchoka hadi kulala, na mkewe anasema amekuwa mwepesi wa hasira. Je, ataweza kurudia kazi yake ya uhasibu?

Mchangiaji wa kwanza
Pole sana, dada. Daktari hakukosea. Majaribio makubwa matano yaliyochapishwa mwaka 2015 yalipounganishwa, yakiwa na wagonjwa 1,287, takriban 46 kati ya kila 100 waliotolewa bonge walikuwa wakijitegemea baada ya siku 90, ilhali kwa waliopewa matibabu mengine pekee walikuwa takriban 27. Wengi wao walikuwa wazee, na kwa jumla vijana hupona vizuri zaidi na hufariki kwa uchache. Lakini kipimo cha Rankin, kinachoanzia 0 kwa asiye na dalili yoyote hadi 6 kwa aliyefariki, huangalia zaidi kutembea na kujihudumia. Mtu wa daraja la 2 hujimudu mambo yake bila msaada, ila hawezi kufanya yote aliyoyafanya awali, na kwa mhasibu hayo yaliyobaki ndiyo kazi yenyewe.

Mchangiaji wa pili
Mimi nilitolewa bonge kama kaka yako. Mkono ulirudi mapema, umakini ukachelewa sana. Ombeni apimwe kumbukumbu na umakini na mtaalamu, aonwe na mtaalamu wa tiba ya usemi, na achunguzwe sonona, kwa kuwa hasira baada ya kiharusi mara nyingi ni ugonjwa unaotibika, wala si tabia mpya. Kazini aanze kwa saa chache, asubuhi, mahali pasipo kelele. Tafadhali msimwambie kwamba anaonekana mzima. Maneno hayo yaliniumiza kuliko mlivyoweza kudhani.

Mwanzisha uzi
Nawashukuru sana. Faili lake linasema chanzo hakijajulikana. Je, tuliache hapo?

Mchangiaji wa tatu
La, dada, msiliache. Bonge limeondoka, lakini kilicholileta huenda bado kipo, na kwa vijana mara nyingi si kile kinachowapata wazee. Ulizeni kama mishipa ya shingo ilipigwa picha, maana ukuta wake wa ndani unaweza kuchanika hata kwa jeraha dogo. Ulizeni pia kuhusu mapigo ya moyo kufuatiliwa kwa muda mrefu, vipimo vya damu vya magonjwa ya kuganda, na ultrasaundi ya moyo ambapo maji ya chumvi yenye viputo vidogo huingizwa mshipani: viputo vikivuka upesi kwenda upande wa kushoto, huenda kuna tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo. Tafiti za mwaka 2017 zilionyesha kwamba kuliziba hupunguza kiharusi cha pili kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu walio chini ya miaka 60. Majibu yote yakitoka salama, bado asiache dawa aliyoandikiwa bila idhini ya daktari wake.