Kublok WhatsApp ofisini: Mzee ataka ifungwe, kazi yenyewe iko humo humo

fundi_wa_moi_avenue
Salamu alekum waungwana. Mimi ndo naangalia mambo ya mtandao kwa ofisi moja ya kliaringi na fowadingi hapa mjini. Mzee mwenye kampuni amechoka, asema waifai imekuwa ya kutizama status na kupigiana vidio kol na jamaa walioko Dubai, na ikifika alasiri mtu akitaka kuingiza entri kwa iCMS, mfumo wa forodha wa KRA, ukurasa wazunguka tu haufunguki. Ataka WhatsApp ifungwe, na ataka jana. Ruta ni MikroTik. Nimefunga poti 5222 na 5223 (milango ya mtandao ambayo WhatsApp hupitia), ikakata kidogo halafu ikarudi kama hakukutokea jambo. Nikaweka tls-host, ruli ya kunasa tovuti kwa jina lake, ya *.whatsapp.net, picha zikaacha kufunguka lakini meseji zapita raha mustarehe. Kuna nini hapo? Na msinambie nizime waifai, hilo nshaambiwa na kila mtu.

mvuta_kebo
Alekum salam. Meseji za WhatsApp ya simu hazipiti kwa TLS ya kawaida, ile kufuli ya tovuti za https, zina itifaki yake yaitwa Noise, kwa hivyo lile jina la domeini ambalo tls-host yalitafuta pale mwanzo wa mazungumzo halipo kabisa. Picha na vidio ndo zatumia HTTPS kama wavuti nyingine, ndo maana hizo ulizinasa. Na ukifunga 5222 programu yahamia 443, poti ya tovuti zote za https, na hiyo huwezi kuifunga, utakuwa umefunga ofisi nzima.

Anzia kwa DNS, ile daftari ya kugeuza jina la tovuti kuwa anwani. Kwenye ruta weka whatsapp.net na whatsapp.com, pamoja na vijidomeini vyake vyote, zirudishe NXDOMAIN, yaani jina hilo halipo, kisha poti 53 ya DNS yote ya UDP na TCP igeuze ije kwa ruta yenyewe kwa dst-nat (ruli ya kugeuza njia) ili yule mjanja aloandika 8.8.8.8, DNS ya Google, kwa simu yake asikupite kando. Funga na 853 maanake Android tangu toleo la 9 ina Private DNS, DNS ya siri ipitayo poti hiyo, na watu huiwasha hata hawajui wameiwasha. Halafu, na hapa ndo wengi hupoteza mchana mzima, futa miunganisho ilioko tayari kwa jedwali la ruta, la sivyo ile ruli yako ya juu inayoruhusu miunganisho ilokwisha kufunguka itaendelea kuipitisha na wewe utakaa hapo wasema ruli haifanyi kazi.

Utaambiwa ufunge anwani za 157.240.0.0/16 zote. Wacha. Hiyo ni ya Meta, mna Facebook na Instagram humo ndani, na ukurasa wa kampuni wenu utakwenda nayo. UDP 3478 ni ya kol, ukiifunga vidio kol za Dubai zitachechemea kweli, ila Zoom na Teams nao waitumia hiyo hiyo, sasa Mzee akiwa mkutanoni na watu wa meli sauti ikaanza kukatika usiseme sikukwambia.

VPN, zile programu za kupita kando ya vizuizi, ni hadithi nyingine, sitaki kuianza leo.

bi_manifesti
Kaka kabla hujafunga, umemuuliza mtu wa dokumentesheni? Mimi niko kliaringi miaka, na ofisi moja nilokuwa nayo zamani walifunga hivyo hivyo, bila kumuuliza mtu. Kastoma akipiga skani bill of lading, hati ya mzigo wa meli, aitupa WhatsApp, dereva akifika Malaba mpakani apiga picha ya sili ya kontena aitupa WhatsApp, delivery order, ruhusa ya kuchukua mzigo, ikitoka mtu aliyeko geti ataka kuiona sasa hivi si ukimaliza kufungua meili. Tulifanya nini? Kila mtu akanunua bando lake, karatasi za kampuni zote zikahamia simu za watu, na msichana mmoja alipoacha kazi akaenda na makaratasi ya kastoma nusu, wallahi si kwa ubaya, yalikuwa kwa simu yake tu. Huku nyuma siku za bure bandarini zaisha, storeji yaanza, na laini za meli nao hawalali, dimareji yao, faini ya kuchelewesha kontena, yaja kwa dola.

Mwambie Mzee shida si WhatsApp, ni vidio.

wakili_nusu
Mimi naongeza kadogo. Mtandao ni wa kampuni, kufunga wana haki. Ila Mzee asije akakwambia umchapishie nani aongea na nani saa ngapi. Hizo ni data za watu, na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, kwa hivyo mkitaka kuangalia lolote waambieni wafanyakazi kwanza kwa maandishi, mnaangalia nini na kwa sababu gani. Yaliyomo ndani ya meseji yenyewe hamuwezi kuyasoma hata mkitaka, zimefungwa mwisho kwa mwisho tangu 2016.

chumvi_ya_likoni
Kebo za mtandao za chini ya bahari SEACOM na TEAMS zimetua hapa hapa Mombasa tangu 2009, tena hiyo TEAMS yaenda Fujairah, mlango wa pili na Dubai, na bado mwagombania megi mbili na shemeji 😂

fundi_wa_moi_avenue
Bi Manifesti umenigusa penyewe. Mzee huyo huyo amri zote azitoa kwa grupu ya WhatsApp, alfajiri watu hawajaamka. Nimeongea nae, amekubali isifungwe yote bora iCMS ipite. Sasa nimeweka kyuu, foleni ya kupunguza kasi ya simu, lakini haishiki, vidio zavuta vile vile.

mvuta_kebo
FastTrack hiyo, njia ya mkato ya kupitisha data haraka. Imewashwa kwa ruli za mwanzo za MikroTik na muunganisho ukishaingia FastTrack hauoni kyuu zako, wapita juu kwa juu. Izime, au iwachie kompyuta peke yake. Ukiizima prosesa ya ruta itapanda, itizame.

Kisha tenganisha. Kompyuta VLAN yao (mtandao wao peke yao ndani ya ruta ile ile), simu VLAN yao na jina lao la waifai, simu zote pamoja zigawane megi chache kwa PCQ, kyuu inayogawa sawa kwa kila mtu, ili mmoja akifungua vidio ajibane mwenyewe asimbane mwenzake. Kwa kompyuta funga web.whatsapp.com, hiyo yapita kwa TLS ya kawaida kwa hivyo tls-host yako yaweza kuinasa, ijaribu kwanza, uiwache kwa mashine ya dokumentesheni tu. Wanunulieni laini ya kampuni waiunganishe hapo, tangu 2021 si lazima simu iwe imewaka ndo WhatsApp ya kompyuta ifanye kazi. Na karatasi hazitaondoka na mtu.

bi_manifesti
Hiyo ya laini ya kampuni iandikwe kwa wino mwekundu. Na isiwe jina la bosi kwa profaili, kastoma wataanza kumpigia yeye.

fundi_wa_moi_avenue
FastTrack nimeizima, kyuu zimeshika, entri za alasiri zimepita leo. Sasa kompyuta haziioni printa, iko kwa waifai ya simu.

mvuta_kebo
Ihamishe VLAN ya kompyuta, uipe IP isobadilika. Ikiwa ina tundu la kebo achana na waifai kabisa.