Mnaowauzia Waswahili "viza ya wastaafu Dubai", acheni kula pesa za wazee

Wakuu, nimevumilia hadi basi. Kila nikifungua simu nakutana na kijana kasimama mbele ya Burj Khalifa, miwani myeusi usoni, anawaambia Watanzania na Wakenya kwamba ukifikisha miaka 55 Dubai inakupa viza ya kustaafu ya miaka 5, "njoo inboksi tukusaidie". Umri ni kweli 55. Viza ni kweli ya miaka 5. Yaliyobaki yote kayakalia kimya, na hayo aliyoyakalia ndiyo yenyewe.

Masharti ya Emirates nzima, yaani Falme za Kiarabu ambamo Dubai imo, haya hapa. Uwe umefanya kazi si chini ya miaka 15. Halafu uwe na kimojawapo: nyumba yenye thamani ya dirhamu 1,000,000, au akiba ya dirhamu 1,000,000, au kipato cha dirhamu 20,000 kila mwezi. Ukiombea Dubai yenyewe kipato kinashuka hadi 15,000, lakini hiyo akiba inatakiwa iwe amana ya kufungia benki miaka 3, yaani pesa yako mwenyewe unaiangalia kwenye karatasi. Bima ya afya juu yako. Miaka 5 ikiisha unathibitisha upya kwamba bado unazo.

Dirhamu milioni moja ni dola 272,000 na ushee. Kwa madafu ni zaidi ya shilingi milioni 600 za Tanzania. Haya, kijana wa miwani, nitajie mlinzi mmoja, dereva mmoja, dada wa kazi mmoja aliye nazo.

Najua kuna mtu atakuja kusema "si kuna kiinua mgongo?" Kipo, tukipige hesabu. Sheria ya kazi ya Emirates inakupa siku 21 za mshahara kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Ila ni mshahara wa msingi tu. Wote tuliopo huku tunaujua huo mchezo: unapokea dirhamu 2,800, kwenye mkataba mshahara wa msingi umeandikwa 1,200, iliyobaki wameiita chakula, malazi na usafiri. Siku moja yako ni dirhamu 40. Piga miaka 20: siku 105 jumlisha siku 450, mara 40. Jibu ni dirhamu 22,200.

Ili ufike milioni moja kwa mwendo huo unahitaji kufanya kazi kama miaka 835. Hapo labda Nabii Nuhu. Na hata yeye wangemkwamisha, maana kiinua mgongo kina ukomo, hakizidi mishahara ya miaka miwili. Angeondoka na 28,800 zake na safina yake.

Sasa niwaambie kwa nini nina hasira hivi. Baba mdogo wangu amekula ujana wake huku, kwanza dereva, baadaye mtunza stoo. Mkataba haukuongezwa, viza ikafutwa, akaanza zile siku za kujipanga uondoke. Badala ya kukata tiketi akaona video. Akaenda kwa wakala, Mswahili mwenzetu, anaongea kwa adabu zote, "shikamoo mzee, karibu mzee". Akalipishwa dirhamu 1,500 za "kufungua faili". Hakuulizwa ana nyumba. Hakuulizwa ana shilingi ngapi benki. Kila akipiga simu anaambiwa "mzee, system inasoma, vuta subira". Siku za kujipanga zikaisha, faini ikaanza kuhesabu dirhamu 50 kila siku, akailipa kwa kiinua mgongo hichohicho. Wakala akamwambia eti kakataliwa kwa sababu ya umri wa pasipoti. Umri wa pasipoti! Mzee wa watu karudi Tanga anaamini kosa ni la pasipoti.

Simtaji wakala. Sheria ya mtandao ya huku haina mzaha, na mimi bado nakula humuhumu.

Wale wa "nchi ni ya wenyewe, wana haki ya kuchagua wanayemtaka", sawa, sibishani. Mpango huu ulipotangazwa 2018, na Dubai walipouzindua wa kwao 2020, hawakuficha kwamba wanatafuta wenye nacho. Hata mstaafu wa Uingereza mwenye pensheni kamili ya serikali, pauni 230.25 kwa wiki mwaka 2025/26, hafiki hata dirhamu 6,000 kwa mwezi. Panama wanakubali pensheni ya dola 1,000 kwa mwezi. Kenya ukiwa na miaka 35 na kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka unaomba kibali cha daraja K unakaa zako Diani. Huku, kwa kile kipato cha dirhamu 20,000, ni karibu dola 5,450 kwa mwezi. Wameandika bei mlangoni, mwenye macho anaisoma.

Ninachokasirikia huku kwao ni kimoja tu: miaka 20 ya kusafisha, kubeba na kuendesha, kama huna milioni wala kipato hicho, haikusaidii chochote kwenye fomu hiyo. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga mtaa wa Deira, Dubai, ana milioni yake, anapita. Aliyeijenga Deira anapewa tarehe ya kuondoka. Pensheni ya serikali yao nayo mgeni haimhusu. Ndiyo maana nawashangaa na mawakala wa kupeleka watu Ghuba kutoka kwetu: wanakueleza nauli, vipimo vya afya, picha yenye rangi nyeupe nyuma, lakini mchango wa hiari NSSF hawautaji kabisa. Baba mdogo angekuwa anaweka hata elfu hamsini ya madafu kwa mwezi, leo angekuwa na pa kuanzia.

Kwa hiyo nawauliza nyie mnaouza hizi "connection", na najua mmo humu: kwenye tangazo lenu kuna ugumu gani kuandika 1,000,000? Sifuri sita tu. Mkiziandika mtabaki na wateja wangapi?

Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile za "fursa Dubai". Na aliyelipishwa kufungua faili la viza ya wastaafu aweke hapa kiasi alichotoa na alichoahidiwa, bila jina la ofisi. Baba mdogo 1,500, hakupewa hata risiti. Wengine?