UKOO WA BI ZENA: safari ya Pate na Siyu

Jumapili

20:04 Rukia: Asalaam alaikum jamaa. Narudia mara ya tatu. Wiki jana ujumbe umesomwa na watu 21, waliojibu wawili. Safari ya Pate na Siyu ni Jumamosi ile itakayoangukia mwezi 16. Mashua inachukua watu 14. Nataka majina kabla ya Jumatano usiku.

20:06 Zuberi: Chakula kipo?

20:06 Rukia: Zuberi ngoja.

20:11 Halima: Waalaikum salaam. Haiwezi kusogezwa wiki moja mbele? Jumamosi hiyo kuna harusi Kisauni.

20:19 Abudi Lamu: Da Halima, tarehe nimeitoa mimi, kwa ajili ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara. Mwezi 15, 16, 17 ni bamvua, maji makubwa. Maji hujaa karibu saa kumi na moja alfajiri, hupwa saa tano, hujaa tena saa kumi na moja na nusu jioni. Twenda na maji, twarudi na maji. Wiki moja mbele ni maji mafu. Yatajaa saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa kwenyewe kwa unyonge. Yakijaa tena ni usiku. Hapo ama mulale Pate, ama mukae juu ya tope kati ya mikoko mukihesabu kaa.

20:20 Zuberi: Kaa wa nazi au wa kuchoma?

20:20 Mwanaisha: 😂😂😂

20:21 Saidi: Wa nazi, na wali

20:21 Zuberi: Huyu ndiye ndugu yangu

20:24 Rukia: Jamani! Abudi maliza.

20:31 Abudi Lamu: Kung'oa gati la Lamu ni saa kumi na mbili kasoro robo, mara tu baada ya sala. Atakayechelewa nusu saa anatuchelewesha sote, maana maji hapo yashaanza kutoka. Mpaka Mtangawanda ni kama saa mbili kwa mashua ya mashine. Tutashukia hapo Mtangawanda, tusiende na mashua mpaka mbele ya mji wa Pate. Kule maji yakitoka pote hukauka, chombo kikaa kitako mpaka alasiri. Mtangawanda hadi Pate ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Wazee watapanda bodaboda. Kurudi, saa kumi na nusu kila mtu awe chomboni. Na maboya 14, nimeshayahesabu.

20:33 Rukia: Maji ya kunywa lita 3 kila mtu, mutoke nayo Lamu. Kule watu wategemea mvua iliyowekwa kwenye jabia, tusiwamalizie maji yao. Viatu vya kufunga, malapa yatabaki matopeni. Nauli na mafuta 2,000 kila mtu, kwangu, kabla ya Alhamisi.

*Imesomwa na 19*

Jumatatu

07:15 Rukia: Majina???

07:40 Mwanaisha: Mimi na Saidi. Watoto je?

07:42 Rukia: Kuanzia miaka 10. Magofu si mahali pa kukimbizana.

13:02 Mwalimu Khamis: Nathibitisha hilo la Rukia. Kuta za Pate ni mawe ya matumbawe na chokaa. Dari likishaanguka mvua huingia kwa juu, moyo wa ukuta unalegea, na mizizi inamalizia kazi. Kwa nje waona ukuta mzima, ndani ni kifusi. Mtu asipande, asiegemee, asing'oe hata kipande cha lipu.

13:10 Mwalimu Khamis: Mukiingia chumba cha kwanza tazameni upana wake. Vyumba vyote ni vyembamba na virefu, kwa kuwa upana ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Juu ukutani mutaona matundu yalipoingia ncha za boriti. Kisha tafuteni zidaka, yaani vishubaka, safu kwa safu, zilizochongwa kwenye lipu. Humo zilipangwa sahani za China. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika utenzi wake Al-Inkishafi anazitaja hizo hizo, kwamba sasa makinda ya ndege ndiyo yalalayo humo, na makinda ya popo yananing'inia juu. Tutazisoma beti hizo papo hapo, tumesimama mbele ya ukuta. Nimezichapa kwa herufi kubwa, karatasi 14. Darasani beti zile ni mawaidha tu. Pale kila neno lina mahali pake ukutani, na pembeni watu wamelima tumbaku ndani ya nyumba za matajiri.

13:30 Halima: MashaAllah mwalimu. Na nyumba ya Mwana Kupona ni ipi? Nipige picha mlangoni.

14:22 Mwalimu Khamis: Halima, usitarajie nyumba yenye kibao. Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, aliishi katika nyumba yake ya Nairobi tangu 1917 hadi 1931, na nyumba hiyo ni makumbusho tangu 1986. Sina neno na hilo. Lakini Mwana Kupona alitunga utendi wake 1858, hapa, kwa lugha yetu, na wanetu hawajui hata alikuwa mke wa nani. Aliolewa na Bwana Mataka, mkuu wa Siyu. Kwa hivyo Siyu tutakwenda ngomeni. Kutoka Pate ni kama kilomita 8 za njia ya mchanga, bodaboda kwa wote. Saa tano tuwe tumeondoka Pate, saa tisa tuwe tumeondoka Siyu.

14:25 Zuberi: Zile nasaha za mke kwa mume? Mke wangu asije 😂

14:26 Saidi: Aje azisome mbili mbili

14:31 Mwalimu Khamis: Ni mama mgonjwa anamuachia bintiye, Mwana Hashima, maneno ya mwisho. Beti 102. Zisomwe hivyo kwanza.

14:50 Mwanaisha: Si Nana alikuwa na mswada wa utendi huo, wa herufi za Kiarabu? Tuende nao!

14:58 Halima: Alikuwa nao. Ukatoka 2009 "kutolewa kopi". Walioutoa wanajijua.

15:01 Saidi: 👀

15:02 *Ujumbe huu umefutwa*

15:04 Rukia: Halima si leo.

15:05 Halima: Lini basi? Ulirudi bila karatasi ya mwisho, tukanyamaza miaka yote hii.

15:20 Ami Swaleh: Karatasi haikupotea. Duka lilihamishwa. Nimeeleza zaidi ya mara moja.

15:21 Zuberi: Tuzungumzie kaa jamani

18:47 Bi Mkubwa: 🎤 *Ujumbe wa sauti, 1:52*

18:55 Rukia: Kwa wasioweza kusikiliza. Bi Mkubwa asema: "Karatasi ile ya mwisho ndiyo yenye mwaka, 1275 wa Hijria. Mama aliniwekea kidole juu yake nikiwa sijui kusoma. Swaleh mwanangu, mimi sitii mguu Siyu kumzuru Mwana Kupona na maneno yake ya mwisho yamo dukani kwako. Ikionekana, nitakwenda. Isipoonekana, nendeni nyinyi."

*Imesomwa na 22*

Jumanne

09:30 Rukia: Nimepata majina 8 mpaka sasa. Bi Mkubwa nimemwekea alama ya kuuliza.

16:12 Fatma London: Salaam, samahani nilikuwa kazini. Chuo cha SOAS hapa wanayo miswada ya Kiswahili, mingi wameiweka mtandaoni. Beti zitapatikana.

16:40 Mwalimu Khamis: Beti tunazo Fatma, zilichapishwa tangu 1917. Aliyenakili ile yetu aliandika kwa mkono wake na kwa matamshi yake. Hiyo haiko SOAS. Na mji tunaokwenda, Siyu, ndio uliosifika kwa wanakili wa misahafu.

16:44 Saidi: Ikionekana tuipeleke ikatiwe plastiki ya moto, isiharibike tena

16:46 Mwalimu Khamis: Hapana! Moto na gundi ile haitoki tena maisha. Wala selotepu, hugeuka kahawia ikala karatasi. Wala kitambaa chenye maji. Wino wa masizi ukiguswa na maji unatoka wote. Ipigwe picha karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, kisha iwekwe kati ya karatasi nyeupe kavu.

21:03 Abudi Lamu: Rukia mafuta nilipie au? Bei haitangoji.

21:05 Rukia: Waliolipa ni watano. Ngoja mpaka kesho.

Jumatano

22:36 Ami Swaleh: 📷 *Picha*

22:37 Ami Swaleh: Sanduku la chini kabisa, chini ya madaftari ya hesabu. Ni karatasi tatu, zimeshikana na risiti. Ya juu naona ni hati ya Kiarabu. Sijazibandua.

22:38 Mwalimu Khamis: Usiziguse. Zima feni. Nakuja asubuhi.

22:41 Halima: Ni yenyewe?

22:55 Rukia: Ami, ni yenyewe? Na Jumamosi niandike wangapi?