Mjadala: Kama Kristo alishalipa, sadaka ya ukombozi ni ya nini?

Mleta mada

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu, na wasio wa imani hii salaam pia. Naomba tujadili kwa staha, bila kutaja majina ya watumishi.

Siku hizi katika makanisa mengi ya maombezi kuna sadaka inaitwa ya ukombozi. Mtu anaambiwa: umeokoka, sawa, lakini babu yako aliweka agano kwenye madhabahu ya ukoo, kwa hiyo ndoa yako, uzazi wako, kiwanja chako, vyote vimeshikiliwa. Ili vifunguliwe, toa sadaka ya kuvikomboa.

Bahasha yake nimeiona. Imepigwa mistari: jina la ukoo, babu mzaa baba, babu mzaa mama, jambo unalolikomboa, na chini kabisa kiasi. Aliyenionyesha ni dada mmoja muuza mitumba. Alishajaza yote, amebakiza mstari wa kiasi, akaniuliza kama elfu hamsini itatosha au Mungu ataona amedharauliwa. Fedha haikuniuma kama hofu yake. Mtu amebatizwa, anashiriki meza ya Bwana, halafu anaamini kwa dhati kwamba damu ya Yesu haikufika kwa babu yake.

Msimamo wangu: mafundisho haya yanaugeuza ukombozi kichwa chini. Petro aliwaandikia watu wenye mizimu na miungu ya mababu zao, na jibu lake liko wazi: mlikombolewa "si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu, mpate kutoka katika mwenendo wenu usiofaa mlioupokea kwa baba zenu", bali kwa damu ya thamani ya Kristo (1 Petro 1:18-19). Mambo ya ukoo na mambo ya fedha, yote mawili yamo katika sentensi moja. Isaya alishatangulia: "Mliuzwa bure, nanyi mtakombolewa bila fedha" (52:3).

Watetezi wataleta Kutoka 30, fedha ya upatanisho. Tuisome basi mpaka mwisho. Ilikuwa nusu shekeli kwa kila aliyehesabiwa, na tajiri alikatazwa kuongeza kama maskini alivyokatazwa kupunguza. Nani leo anahubiri kwamba tajiri asiongeze?

Sisi wa pwani tuna historia ya kutufungua macho. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakawa wanakomboa watumwa, wengi wao watoto, kwa fedha zilizochangwa Ulaya. Bei ililipwa na mwingine. Hakuna mtoto aliyeambiwa achangie shingo yake. Kweli, baada ya hapo waliishi chini ya kengele na kazi za mashamba ya misheni, na wapo waliotoroka, kwa hiyo hata pale swali lilibaki: umenikomboa ili niwe nani? Paulo anajibu hilo: "Mlinunuliwa kwa thamani, msiwe watumwa wa wanadamu" (1 Wakorintho 7:23). Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Amina, mtumishi, lakini unaongea kama mtu ambaye hayajamkuta. Kwetu wanaume walikuwa hawavuki miaka arobaini. Baba, baba wadogo wawili, kaka yangu. Kanisa nililokulia lilikuja kuzika tu, likatuambia tumshukuru Mungu kwa kila jambo. Walioketi na sisi usiku kucha wakafunga na kuomba ni hao mnaowasema. Nilitoa sadaka na sijutii. Sikumlipa Mungu, nilionyesha imani. Daudi alikataa kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu, akanunua kiwanja cha Arauna kwa shekeli hamsini za fedha, na tauni ikazuiliwa (2 Samweli 24). Hilo nalo utalifuta?

Mchangiaji wa pili

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki, na najua tutaulizwa habari ya sadaka ya misa, yaani fedha anayotoa mtu ili misa isomwe kwa nia yake, kwa hiyo nijibu mapema. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 947, inataka hata kile kinachofanana tu na biashara kiondolewe kabisa katika sadaka za misa. Kama kuna parokia inayokiuka, ikemewe kwa kanuni hiyohiyo. Namuunga mkono mleta mada.

Mchangiaji wa tatu

Watu wazima wanatoa hela zao kwa hiari. Kwani nyie inawahusu nini?

Mleta mada

Mkuu wa mwisho, inatuhusu. Februari 2020 kule Moshi watu 20 walikufa katika mkanyagano wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Mtu aliyejazwa hofu ya laana hiari yake ni ndogo sana.

Dada/kaka wa kwanza, kwanza pole sana kwa wapendwa wako. Na lawama yako kwa makanisa ya zamani naipokea yote. Tuliwacheka watu wanaoota wafu, tukawapa katekisimu wakati walihitaji mtu wa kukesha nao, wakaenda kwa anayekesha. Kufunga na kuomba na mtu sina neno nako hata kidogo. Ninachobishia ni mstari wa kiasi.

Sasa Daudi. Rudi mstari wa 16 na wa 17 wa sura hiyohiyo. Bwana alishamwambia malaika "Yatosha" kabla kiwanja hakijanunuliwa. Halafu mfalme akasema mkono wa Bwana uwe juu yake yeye na nyumba ya baba yake, kwa sababu watu wale ni kondoo tu, wamefanya nini? Aliyetoa fedha ni mfalme. Hakuna mjane wa Yerusalemu aliyedaiwa shekeli ili tauni ipite mlangoni kwake. Mimi naona mle kivuli cha Kristo, mkubwa akibeba gharama ya wadogo, na ndiyo maana inaniuma mchungaji anapokichukua kisa hicho kuwatoza wadogo.

Fedha ina nafasi yake, lakini angalia inaelekea wapi. Zakayo alipokutana na Yesu alisema nusu ya mali anawapa maskini, na aliowadhulumu anawarudishia mara nne. Hapo ndipo Yesu akatamka kwamba wokovu umefika nyumbani humo. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika Uganda, Bukoba na Kenya, ulijulikana kwa jambo hilohilo: waliookoka walitubu hadharani, wakarudisha walichoiba, wakalipa madeni waliyokuwa wakiyakwepa. Aliyekombolewa alifungua mkono kwa jirani aliyemkosea.

Kwa hiyo nawaomba mnaofundisha sadaka hii, na najua mmo humu: wekeni andiko moja la Agano Jipya ambapo mtume alipokea fedha ndipo akamfungua mtu. Mimi ninaloliona ni Matendo 8:20, na pale Petro alimwambia Simoni, mchawi aliyetaka kununua karama ya Mungu, fedha yake ipotelee mbali pamoja naye.